Nilikuwa hodari wa kupima wokovu wa wengine, nafsi yangu nikaisahau

Mzee wa Kamachumu (mtoa mada)

Habari zenu wanajamvi. Nimesoma jukwaa hili miaka mingi bila kuandika. Leo naandika kwa sababu jambo limenikaa kifuani na sioni pengine pa kulitua. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Sisemi ya dini za watu, nasema ya kwetu walokole, maana humo ndimo nilimozaliwa.

Nianze na neno lenyewe. Siku hizi ukisema "mlokole", kijana anamwona mtu wa sketi ndefu asiyevaa hereni, anayekutazama kuanzia viatuni kwenda juu. Limekuwa neno la kukwepana. Asili yake ni Kiganda, balokole, yaani waliookolewa, na lilitufikia Kagera na watu wa Uamsho, lile vuguvugu la Kikristo la kutubu hadharani, miaka ya 1930, kutoka Rwanda na Uganda. Watu wale hawakujulikana kwa kupima wengine. Walijulikana kwa jambo lililowatia majirani hofu: walisimama mbele za watu wakazitaja dhambi zao wenyewe. Si "sisi sote tu wakosefu". Walisema, niliiba jembe la fulani, mwaka fulani, na hili hapa.

Jembe nalisema kwa sababu lilikuwa la bibi yangu mzaa baba. Aliokoka mwishoni mwa miaka ya 1940. Alilibeba jembe kichwani hadi kilima cha pili, akamkuta mwenyewe ameshasahau kabisa kama aliwahi kuibiwa. Akalirudisha pamoja na kikapu cha buni. Sisi wajukuu tulisimuliwa habari hiyo mara nyingi, na kila mara bibi alimalizia na lile jembe, hakuwahi kumalizia na neno la kumsifu yeye.

Kwenye ushirika wao wa jioni palikuwa na sheria isiyoandikwa. Ukisimama kushuhudia, unasema yako. Mtu akianza, "Jirani yangu ananisengenya," kiongozi alimkata: "Ndugu, yeye atakuja kusema ya kwake. Tuambie ya kwako." Asiposikia, mmoja alianzisha wimbo wa Kiganda wa Uamsho, Tukutendereza Yesu, wote wakapokea, sauti yake ikafunikwa mpaka akakaa. Huko kusema yako mbele za watu wenyewe waliita kuvunjika. Kilichovunjika ni ile nafsi inayotaka kuonekana nzima.

Baadaye nilisoma jinsi mambo yalivyoanza. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, karibu na Ziwa Muhazi, alikwenda Kampala amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa. Pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mfanyakazi wa serikali. Wakakaa na Biblia, kila mmoja akitafuta kilichompungukia yeye. Lakini habari inayonishika zaidi ni ya Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali hapo Gahini. Mwaka 1931 alikwenda kwa Nsibambi. Hospitali ilikuwa imeoza kwa ugomvi, na Yosiya alikuwa na maelezo yake tayari kuhusu kila mtu. Nsibambi akamwambia tatizo limo moyoni mwake yeye Yosiya. Hebu fikiria umesafiri kutoka Rwanda hadi Kampala na mzigo wa makosa ya wenzako, halafu mwenyeji wako anakugeuzia mzigo huo mlangoni. Yosiya alirudi Gahini mtu mwingine, akawa mmoja wa nguzo za Uamsho.

Sasa nije kwangu.

Mwaka 2004 nilikuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa, na kila asubuhi lita mbili zilikwenda kwa mchungaji. Watu waliniita mtumishi nami nilizoea kuitika. Binti mmoja wa kwaya akapata mimba. Alikuwa na miaka 19. Aliyempa mimba hakutajwa, na nakiri kwamba hatukuhangaika kumtafuta. Baraza la wazee likakaa. Wawili walitaka tuzungumze naye kwanza, taratibu, pamoja na mama yake. Mimi nikasimama, nikasema kanisa lisiloonya ni maiti, nikataja maandiko matatu bila kufungua kitabu. Akatengwa na Meza ya Bwana. Jina lake likasomwa Jumapili. Alitoka katikati ya tangazo, nikauona mgongo wake mlangoni, na nikahisi furaha.

Neno ni furaha. Miaka mingi nimetafuta neno lenye staha kidogo, kama uchungu kwa ajili ya nyumba ya Bwana, na nimelikosa.

Wakati huohuo mimi na kaka yangu tulikuwa hatujasalimiana mwaka wa sita, kwa ajili ya kibanja cha marehemu baba. Yeye kwa hesabu yangu hakuwa ameokoka. Alikunywa rubisi. Nilimwombea hadharani, kwa jina, "Bwana, mguse kaka yangu aliyepotea." Nisichokisema kanisani ni kwamba mwaka 1998, usiku, nilikuwa nimeng'oa milamula mitatu ya mpaka nikaichomeka hatua mbili upande wake. Kwa wasiotoka kwetu: omulamula ni mmea unaopandwa mpakani, na jina lake limebeba maana ya kuamua ugomvi. Mimi nilihamisha mwamuzi.

Mwaka 2019 kaka alilazwa. Nilikwenda kumwona kwa sababu watu wangesema nisipokwenda. Nikakaa kitandani pake nikaanza kumwambia atengeneze na Mungu. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa upole tu, "Usiku ule wa milamula nilikuwa dirishani."

Miaka 21. Alijua, na hakuwahi kumwambia mtu, wala mke wake. Angeweza kuniumbua siku yoyote, tena mbele ya baraza lilelile. Mlevi wangu alinisitiri, na mimi mtumishi nikamwanika kila wiki kwa jina la maombi.

Ninachotaka tukizungumze hapa ni hiki. Tuliacha wapi ile njia ya wazee wetu ya kila mtu kusema yake? Na ninyi mliomo kwenye ibada, mmewahi kuikamata nafsi yenu ikifurahi mtu anapoanguka?

---

Binti wa Isaka

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Hapo kwenye mgongo wa yule dada mlangoni nimeweka simu chini kwanza.

---

Fundi Makini

Mkuu, nakuheshimu, ila mada kama hizi zinanipa wasiwasi. Usihukumu, usihukumu, na chini ya hilo neno watu wanaumizwa. Dada yangu alikuwa anapigwa na mumewe. Alipokwenda kusema kwenye maombi, aliambiwa achunguze moyo wake kwanza, pengine hana unyenyekevu. Akachunguza moyo miaka mitatu. Alitoka kwenye ile ndoa na jino pungufu. Huo wimbo wenu wa kumfunika mtu sauti, hujafikiria ulifunika nini na nini? Na hawa wanaouza maji na mafuta kwa masikini, nao tukae kimya tukitazama nafsi zetu?

---

Mzee wa Kamachumu

Fundi, sina cha kujitetea kuhusu ule wimbo. Nimeuandika kama kumbukumbu tamu kwa sababu ndivyo nilivyosimuliwa, na waliosimulia ni wale ambao hawakufunikwa sauti. Umenipa jambo ambalo sikuwa nalo. Pole sana kwa dada.

Nijibu kadiri ninavyoona. Aliyempiga dada yako alitenda tendo, na tendo lina pa kupelekwa: kwa ndugu, kwa balozi, polisi, mahakamani. Kulisema si kuhukumu roho ya mtu. Mwizi wa sadaka anashtakiwa kwa wizi wake, na hesabu zinafunguliwa. Ninayoiogopa ni hukumu nyingine, ile ya kusema huyu Mungu hayumo ndani yake, huyu si wa kwetu, huyu amekwisha. Hiyo haimzuii mtu kuiba wala kupiga. Kazi yake ni kumpandisha msemaji tu.

Tena angalia kesi yangu. Tungekuwa tunajali tendo, tungemtafuta mwanamume. Baraza zima hakuna aliyemuuliza yule binti kama alikuwa salama. Tuliacha tendo, tukaishika roho yake.

Na kumwambia anayepigwa "jichunguze" ni hukumu ileile, imevaa kanzu ya unyenyekevu. Kujichunguza ni kazi ya mtu mwenyewe. Ukimpa mwingine kama dawa, tayari umeshakaa kwenye kiti cha hukumu.

---

Pwani Shwari

Assalamu alaykum. Mimi si wa dini ya mtoa mada ila uzi umenigusa, naomba nichangie ya kwetu.

Marehemu babu yangu alisoma Lamu, na darasa alilolipenda kuliko yote lilikuwa la nafsi. Alikuwa akitufundisha kwamba Qur'ani imeitaja nafsi kwa hali tatu. Ipo inayoamrisha maovu, kwenye Sura Yusuf. Ipo inayojilaumu, ambayo Mwenyezi Mungu ameiapia mwanzoni mwa Sura Al-Qiyama. Na ipo iliyotulia, inayoitwa irudi kwa Mola wake, mwishoni mwa Sura Al-Fajr. Babu alikuwa akisema, angalieni, yule wa katikati anajilaumu yeye. Hakuna daraja la nafsi inayolaumu jirani.

Kwenye Sura An-Najm tumekatazwa kujitakasa wenyewe kwa maneno, kwa kuwa Yeye ndiye amjuaye mchaji. Ukikatazwa kujipa cheti wewe mwenyewe unayejijua, utapata wapi ruhusa ya kumnyima mwenzio usiyemjua?

Na kuna kisa cha Usama bin Zayd, Mungu amuwie radhi. Vitani alimuua mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa upanga. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuuliza kama alimpasua moyo akaona. Na akalirudia lile lawama mpaka Usama akatamani lau angekuwa amesilimu siku ile tu. Hapo aliyehukumiwa moyo alikuwa adui aliyeshika silaha. Sisi tunapasua mioyo ya watu kwa sababu ya urefu wa suruali.

Lamu yenyewe ina mfano wake. Habib Saleh, aliyeanzisha msikiti na chuo cha Riyadha, alikuwa sharifu, yaani wa ukoo wa Mtume, ila alikwenda kukaa na kusomesha watu waliodharauliwa, waliokuwa watumwa na wana wao. Wakubwa wa mji hawakupendezwa. Leo maulidi ya Riyadha yanajaza mji mzima, watu wanatoka mpaka Comoro.

Mzee, lile neno lako "furaha" masheikh wanalijua. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa kale, ameandika mlango mzima juu ya kujiona, na mwingine juu ya riya, yaani kutenda wema ili uonekane. Wewe umelitaja kwa jina. Wengi tunakufa hatujalitaja.

---

Kijana wa Kwaya

Mimi naongoza maombi ya vijana, na leo nimeona haya. Tuna kundi la simu la kuombeana. Nimerudi kusoma jumbe za mwezi mzima. "Tumwombee fulani, ameonekana baa." "Tumkumbuke dada fulani, ndoa inayumba, sitasema mengi." Nikahesabu zinazosema "niombeeni mimi, nimefanya hili". Sikupata hata moja. Hata mimi mwenyewe sijawahi kuandika.

---

Nuru ya Songea

Kwetu Wakatoliki tunasoma habari za wamonaki wa jangwani Misri. Alikuwepo Abate Musa, mtu mweusi, aliyekuwa jambazi kabla ya kuongoka. Ndugu mmoja alikosa, wakaitisha baraza la kumhukumu, Musa akaitwa. Alikuja na kikapu kilichotoboka mgongoni, kimejaa mchanga, unamwagika njia nzima. Wakamuuliza ni nini. Akasema dhambi zake zinamwagika nyuma yake wala hazioni, na leo amekuja kuhukumu za mwingine. Baraza likavunjika, yule ndugu akasamehewa.

Huwa nawaza jambo moja kwenye kisa hicho. Wale wengine wote barazani hawakuwa wamewahi kuwa majambazi. Aliyekuwa mwepesi wa kusamehe ni yule aliyejua alikotoka.

---

Mpita Njia 77

Samahani mzee, nitasema ukweli hata kama wengine hawataupenda. Uzi huu nao ni nafsi. Umesimama mbele ya maelfu ya watu ukasema dhambi zako kwa maneno mazuri, na sasa unapewa pole na sifa. Ulikuwa mtumishi wa kuhukumu, sasa ni mtumishi wa kutubu. Kiti ni kilekile.

---

Mzee wa Kamachumu

Mpita Njia, nimelala na maneno yako. Nimeamka nayo bado ni kweli, angalau nusu. Nilipoona watu wanaitikia uzi, nilifungua simu mara nyingi kuliko kawaida yangu. Nimeiona.

Na hilo si geni kwetu, ndilo lililoula Uamsho wenyewe. Wazee wa mwanzo walisema yao wakiwa hawana cha kupata. Polepole ushuhuda ukawa alama ya kujulikana nani ni ndugu na nani si ndugu. Asiyeshuhudia kwa namna ile alionekana amelala. Mwaka 1941 kule Mukono, Uganda, wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia walifukuzwa, William Nagenda akiwamo. Walikuwa wakihubiri alfajiri wenzao wakiwa vitandani, na hawakukubali kunyamazishwa. Nilikuwa nawaona mashujaa watupu. Sasa nawaona mashujaa, na pia namwona yule aliyeko kitandani akiambiwa na mwanafunzi mwenzake kwamba hana Mungu.

Halafu miaka ya 1970, Uganda hiyohiyo, ndugu wakagawanyika. Wakatokea waliojiita Abazukufu, yaani walioamka upya. Wakaona wenzao wamesinzia tena. Kukopa pesa kukawa kipimo, ukiwa na deni wokovu wako una mashaka. Watu waliokuwa wakilia pamoja na kurudishiana vitu vya wizi sasa wakawa hawapeani mkono. Na kila upande ulikuwa bado unaimba Tukutendereza.

Hapo ndipo ninapokwama mimi. Nafsi haifi ukiipiga kwenye dhambi tu, inahama. Ukiifukuza kwenye hukumu inakwenda kukaa kwenye toba, na huko ina raha zaidi kwa sababu hakuna anayeitafuta. Sina dawa ya hilo. Ninachokijua ni kwamba bibi yangu hakuishia kusema jembe, alilibeba. Njia ya kwenda kilima cha pili hakuna aliyekuwa akimtazama.

Milamula mimi na kaka tuliirudisha 2019, alipotoka hospitali. Ni mmea mwepesi, unakata tawi unachomeka ardhini, linashika. Lakini kwa yule binti sijawahi kwenda. Nimewaandikia ninyi, yeye sijamwambia neno. Nadhani hilo ndilo jibu la swali lako kuhusu kiti.

---

Mwalimu wa Dodoma

Mzee, niongeze moja kwenye historia. Askofu Festo Kivengere, mmoja wa watu wa Uamsho, alifundisha hapa Dodoma miaka mingi kabla hajawa askofu Kigezi, Uganda, na wazee waliosoma kwake bado wanamkumbuka. Alikuwa akisimulia kwamba baada ya kuokoka alimchukia mmisionari mmoja Mwingereza na aliona ana haki, maana wazungu wale walikuwa na kiburi kweli. Ikamjia kwamba aende kwake. Alipanda baiskeli, kama kilomita 80, kwenda kumwambia, nilikuchukia, nisamehe. Hakwenda na orodha ya makosa ya mzungu.

Na mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa na utawala wa Idi Amin, Kivengere alikimbia Uganda kwa miguu kupitia milimani. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa kanisani London, aliposikia Yesu akiwaombea waliomsulubisha, aliona chuki yake kwa Amin ni mzigo wake yeye, akatubu. Wala hakuacha kuyasema mauaji ya Amin duniani kote. Fundi Makini, nadhani hapo lile swali lako linajibika. Alimkemea muuaji kwa sauti na papo hapo akajichunga moyo usiwe wa muuaji.

---

Fundi Makini

Nimekuelewa mwalimu. Hapo nakubali.

---

Mama wa Kigamboni

Nilikuwa nasoma tu bila kuandika. Mimi ni mmoja wa walioitwa jina Jumapili. Si huko kwenu, mkoa mwingine, na ni zamani kidogo. Mtoto wangu sasa yuko chuo.

Mzee, ukienda kwa huyo dada, naomba nikwambie mambo machache kwa niaba ya sisi tuliotoka mlangoni. Mimi walinijia wawili baada ya miaka. Wa kwanza alikuja na mchungaji na kamera ya simu. Alilia sana. Mimi ndiye niliyembembeleza. Alipoondoka alikuwa mwepesi, na mimi nikabaki nimechoka siku tatu. Baadaye nilisikia ananitaja kwenye ushuhuda wake, sasa mimi ni mfano wa jinsi Mungu alivyomnyenyekeza yeye. Waliniambia pia nipange siku ya kurudi kundini, nisimame mbele, niombe. Niombe nini? Nilikataa, na mpaka leo nasali nyumbani.

Wa pili alikuwa mama mmoja mnyamavu. Alikuja na kilo mbili za mchele. Akaniuliza, "Siku zile ulikula nini?" Nikamweleza. Alikaa akasikiliza mpaka jioni. Hakusema alikuwa na uchungu kiasi gani. Wala sikumbuki kama alitamka neno samahani.

Usimfanye ushuhuda wako. Ukienda, nenda peke yako, na swali moja, halafu funga mdomo.

---

Binti wa Isaka

Mama, Mungu akubariki. Mzee, umesikia?

---

Mzee wa Kamachumu

Nimesikia. Mama wa Kigamboni, asante. Nanyamaza hapa mpaka nitakapokuwa nimekwenda.

---

Pwani Shwari

Inshallah kheri. Tunakuombea mzee, na tukikuombea hatutakutaja.

---

Mzee wa Kamachumu

Wakuu, ni wiki ya tatu. Mliokuwa mnauliza, nimekwenda. Nimemwomba ruhusa ya kuandika hapa, akasema niandike kidogo, nisitaje mji wala jina. Kwa hiyo ni kidogo.

Ana duka lake. Nilifika saa za mchana, akanitambua kabla sijasema. Alinisalimia, "Shikamoo baba mzee," kama alivyokuwa akinisalimia zamani, na hapo nilikaribia kugeuza. Nilisubiri wateja waishe. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwenye basi, mazuri, nikayaacha. Nikamuuliza lile swali la Mama wa Kigamboni: siku zile, baada ya ile Jumapili, aliishije.

Akafunga daftari la madeni. Akasema alikwenda kwa shangazi yake, kijiji cha jirani, maana mama yake alikuwa anaona aibu kupita barabarani. Alijifungua huko. Maziwa hayakutoka vizuri, na shangazi hakuwa na ng'ombe. Mtoto alinyweshwa uji mwepesi. Asubuhi, alisema, alikuwa akimwona kijana wangu anapita na ile ndoo ndogo kwenda kwa mchungaji.

Akaniuliza, "Baba mzee, wakati ule ulikuwa na ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia wanne.